SOMO LA REDIO: AHADI ILIYOANDIKWA KABLA YA JARIBIO

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na redio imewekwa mahali ambapo wote mnasikia. Wenye karatasi ya somo hili waiweke mbele yao. Nitasema polepole, ili kila mtu aweze kufuata kwa kidole chake.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kuzunguka redio kama hivi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Somo la leo nalo ni la afya. Lakini leo hatutashika jembe wala panga. Leo tutashika kalamu.

Swali letu ni hili: Daktari akisema, "Dawa hii inafaa," yeye amejuaje? Na sisi tutajuaje kwamba tumeambiwa habari yote, wala hatukuambiwa nusu tu?

MRINA ASALI NA MIZINGA YAKE

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika misitu ya Kibondo watu hutundika mizinga. Tuseme yuko mtu mmoja aliyebuni mzinga wa namna mpya. Anakuja kijijini na mizinga mitano, yote imejaa asali. Anasema, "Ndugu zangu, tazameni! Mzinga wangu hujaa daima. Nunueni."

Je, mtanunua? Mtu mwenye haraka atanunua. Mwenye busara atauliza kwanza, "Bwana, ulitundika mizinga mingapi?"

Labda alitundika mitano, na yote ikajaa. Hapo maneno yake ni ya kweli. Labda alitundika ishirini, mitano ikajaa, na kumi na mitano ikabaki mitupu huko msituni. Hapo hakusema uongo juu ya ile mitano. Asali tunaiona kwa macho. Lakini ametuficha ile kumi na mitano, na fedha yetu itapotea.

Sasa tufikiri tena. Kama siku ile alipokwenda kutundika angalipita kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akaandika katika daftari: "Leo tarehe fulani, mtu huyu ametundika mizinga 20 ya namna mpya. Atahesabu asali baada ya miezi sita," basi asingeweza kuficha kitu. Akija na mitano, tungefungua daftari na kumwuliza, "Na ile kumi na mitano iko wapi?"

Habari ya somo letu ni hiyo hasa. Dawa nazo hujaribiwa, na majaribio hayo nayo yanahitaji daftari.

MANENO MATATU MAPYA

Andikeni maneno haya matatu.

La kwanza ni PROTOKOLI. Protokoli ni mpango wa jaribio ulioandikwa kabla jaribio halijaanza. Hueleza dawa gani itajaribiwa, wagonjwa wangapi watahitajiwa, wa umri gani, watagawanywaje, na ni jambo gani kubwa litakalopimwa mwishoni. Mathalani: "Tutahesabu watoto waliofariki katika saa 48 za kwanza." Protokoli ni ahadi.

La pili ni REJISTA. Rejista ni daftari la wazi ambamo majaribio huandikishwa. Kila jaribio hupewa namba yake na tarehe yake, na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Bara letu la Afrika linayo rejista yake, ambayo makao yake ni Cape Town, Afrika Kusini. Ilianza mwaka 2007 kwa ajili ya majaribio ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mwaka 2009 ikapanuliwa kupokea majaribio ya magonjwa yote.

La tatu ni MAPITIO. Jaribio moja halitoshi. Kwa hiyo wako wataalamu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa juu ya swali moja, kuyapima moja moja, kisha kuyaweka pamoja na kusema: "Kwa jumla, dawa hii inafaa," au "haifai," au "bado haijulikani." Kazi hii huitwa mapitio ya kimfumo, maana hufanywa kwa utaratibu ulioandikwa.

Sasa mwaona uhusiano wake. Mpitiaji akikusanya mizinga mitano tu iliyojaa, mapitio yake yatakuwa ya upotovu, hata kama yeye ni mtu mwaminifu. Kwa ajili hiyo mpitiaji mwema hasomi taarifa za mwisho peke yake. Hufungua rejista.

HABARI YA WATOTO WA MUHEZA, KILIFI NA UGANDA

Nitawapa mfano wa kweli kutoka nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Kila mzazi aliyepata kumpeleka mtoto mwenye homa kali hospitalini ameona chupa ya maji ikitundikwa. Mtoto amezimia, mikono na miguu ni baridi, na damu haizunguki sawasawa. Kwa miaka mingi madaktari katika nchi tajiri walifundishwa kumpa mtoto wa namna hiyo maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Ilionekana kuwa ni jambo la akili. Lakini hapa Afrika, katika hospitali zetu, hakuna aliyekuwa amelipima sawasawa.

Basi watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Kenya, waliandika protokoli. Jaribio lao liliitwa FEAST, nalo likaandikishwa katika rejista kwa namba ISRCTN69856593. Lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita: moja Kenya, huko Kilifi, moja Tanzania, yaani hospitali ya Teule huko Muheza, na nne Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kura maana yake daktari hakuchagua nani apate nini. Kundi la kwanza walipewa kwa haraka maji yenye albumini. Kundi la pili walipewa kwa haraka maji ya chumvi. Kundi la tatu hawakupewa maji ya haraka. Walipata maji ya kawaida polepole. Wote walipata dawa nyingine walizohitaji, kama vile dawa ya malaria na damu.

Watafiti walitumaini kwamba maji ya haraka yangeokoa watoto. Walikusudia kuwaingiza watoto 3,600. Lakini mwezi Januari mwaka 2011 kamati ya kuangalia usalama ikasema: simamisheni. Wakati huo watoto 3,141 walikuwa wamekwisha kuingia. Someni hesabu hizi polepole:

Maji ya haraka yenye albumini: watoto 1,050, waliofariki katika saa 48 ni 111.
Maji ya haraka ya chumvi: watoto 1,047, waliofariki ni 110.
Bila maji ya haraka: watoto 1,044, waliofariki ni 76.

Mmeona? Maji ya haraka hayakuokoa. Katika kila watoto 100 waliopewa, walikufa watoto kama 3 zaidi kuliko wale wasiopewa.

Jibu lilikuwa kinyume cha matumaini ya wenye jaribio. Lakini walikuwa wamekwisha kuahidi katika maandishi kwamba watahesabu vifo vya saa 48. Hawakuweza kugeuka na kusema, "Tazameni, mikono ya watoto ilipata joto upesi." Walitangaza hesabu yote mwezi Mei mwaka ule ule wa 2011, na madaktari wa dunia nzima wakasoma. Faida ya ahadi iliyoandikwa ndiyo hii: humshika mtu hata siku ambayo jibu halimpendezi.

Hapa natoa onyo, wala msilisahau. Watoto wenye ugonjwa wa kuhara hawakuwamo katika jaribio lile. Mtoto anayeharisha na kukaukiwa huhitaji maji, na akicheleweshwa atakufa. Mtu asitoke hapa akasema, "Redio imekataza dripu." Redio haikukataza. Mganga ndiye atakayeamua.

HESABU YA MAJARIBIO YALIYOFICHWA

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walichunguza dawa 12 za ugonjwa wa huzuni kubwa. Serikali ya Marekani ilikuwa na orodha ya majaribio ya dawa hizo, maana makampuni yalilazimika kuyaandikisha huko. Majaribio yalikuwa 74.

Maafisa wa serikali walikuwa wameyapima. Majaribio 38 yalionyesha kwamba dawa inafaa. Majaribio 36 hayakuonyesha hivyo, au jibu lake lilikuwa la mashaka. Jumlisheni: 38 na 36 ni 74. Kwa hiyo ni karibu nusu kwa nusu.

Lakini nini kilichapishwa katika majarida ya madaktari? Katika yale 38 mazuri, yalichapishwa 37. Katika yale 36 mengine, 22 hayakuchapishwa kabisa. 11 yalichapishwa kwa maneno yaliyoyafanya yaonekane mazuri. Na 3 tu ndiyo yaliyosemwa kama yalivyokuwa.

Basi, daktari aliyesoma majarida peke yake aliona majaribio mangapi? 37, na 11, na 3, jumla 51. Na katika hayo, yaliyoonekana mazuri ni 37 na 11, jumla 48. Yaani 48 katika 51! Aliona karibu mizinga yote imejaa asali, kumbe karibu nusu yake ilikuwa mitupu au ya mashaka.

Mtu aweza kusema, "Hilo ni jambo la karatasi tu." Sivyo. Mwaka 1980, huko Uingereza, dawa moja ya moyo iitwayo lokainidi ilijaribiwa kwa wagonjwa wasiofika mia moja. Katika waliopewa dawa walikufa 9. Katika wasiopewa alikufa 1. Watafiti walidhani ni bahati mbaya, dawa ikaachwa kwa sababu za biashara, na habari ile haikuchapishwa mpaka mwaka 1993. Katika miaka ile 13 dawa nyingine za jamii hiyo zilikuwa zikitumiwa na watu wengi, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi yake zilikuwa zikiua. Watafiti wenyewe waliandika kwamba habari yao ingeweza kuwa onyo la mapema. Ukimya nao huua.

WAPITIAJI HUTUMIAJE REJISTA?

Mpitiaji wa kweli hufanya kazi nne. Ziandikeni kwa namba.

1. Hutafuta yaliyofichika. Hufungua rejista na kuandika majaribio yote yaliyoandikishwa juu ya swali lake. Kisha hulinganisha na yale yaliyochapishwa. Jaribio likiwa limekwisha miaka mingi na taarifa haipo, huwaandikia barua wenyewe na kuuliza habari zake.

2. Hulinganisha ahadi na taarifa. Huweka protokoli mkono wa kushoto na taarifa ya mwisho mkono wa kulia. Je, waliahidi kuhesabu vifo, kisha wakaja kutuambia habari za homa kushuka? Je, waliahidi wagonjwa 600, wakaishia 200? Kama wamebadili, wamesema kwa nini na tarehe gani?

3. Huangalia jaribio lisihesabiwe mara mbili. Pengine jaribio moja huandikwa katika majarida mawili kwa majina mbalimbali. Asiyeangalia namba ya rejista atadhani ni majaribio mawili, kama karani apimaye gunia moja la kahawa mara mbili.

4. Hujua yanayokuja. Katika rejista yamo majaribio ambayo bado yanaendelea. Mpitiaji aweza kusema, "Ngojeni, jibu lingine litafika."

Na mpitiaji mwenyewe je? Naye pia yampasa kuandika protokoli yake kabla ya kuanza, asije akachagua majaribio yanayompendeza. Tangu mwezi Februari mwaka 2011 iko rejista ya mapitio iitwayo PROSPERO, inayotunzwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Yeye amkaguaye mwenziwe naye hukaguliwa.

MAPITIO YAKIFANYWA VIZURI

Mfano wa matunda yake tunao. Zamani mtoto mwenye malaria kali alipigwa sindano ya kwinini. Mwaka 2005 jaribio kubwa lililofanywa Asia, wagonjwa wengi wakiwa watu wazima, lilionyesha kwamba sindano ya atesuneti inaokoa watu wengi zaidi. Lakini je, watoto wa Afrika nao? Likafanywa jaribio liitwalo AQUAMAT katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, huko Muheza na Korogwe. Watoto walikuwa 5,425. Waliopewa atesuneti walikuwa 2,712, wakafariki 230. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafariki 297. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010.

Wapitiaji waliyaweka pamoja majaribio 8, yenye watu wazima 1,664 na watoto 5,765, nao wakaona jibu ni lile lile. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri atesuneti itumiwe pia kwa watoto wenye malaria kali. Basi ukiona leo mtoto wa jirani amerudi nyumbani mzima baada ya malaria kali, ujue kwamba nyuma ya sindano ile kulikuwa na makaratasi mengi yaliyoandikwa kwa uaminifu.

REJISTA NAYO INA KASORO

Tusidhani kwamba daftari peke yake huleta uaminifu. Liko jaribio linaloandikishwa baada ya kwisha. Huko ni kama kuandika idadi ya mizinga baada ya kurina. Kwa hiyo tazameni tarehe daima. Mengine huandikwa kwa maneno ya juu juu, hata haijulikani kitakachopimwa. Mengine huandikishwa, kisha mwenyewe hanyanyui kalamu tena. Na si kila badiliko ni hila: jaribio laweza kubadilika kwa sababu njema, kama lile la FEAST lilivyosimamishwa mapema ili kulinda watoto. La lazima ni kusema wazi.

Hata hivyo hali imekuwa bora kuliko zamani. Wahariri wa majarida makubwa ya udaktari walikubaliana kwamba tangu mwezi Julai mwaka 2005 hawatachapisha jaribio jipya ambalo halikuandikishwa kabla ya kuanza. Mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Dunia, katika Tamko lake la Helsinki, kilisema kila jaribio liandikishwe kabla ya mtu wa kwanza kuingizwa.

JAMBO HILI LAKUHUSU WEWE

Mtaniuliza, "Bwana Afisa, sisi tunajifunza kusoma. Rejista ya Cape Town ni yetu?" Naam, ni yenu. Siku moja mtafiti aweza kuja Kasulu au Kibondo, akakuomba wewe au mtoto wako mwingie katika jaribio. Atakuletea karatasi. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba. Wewe utaisoma mwenyewe. Soma mpaka mwisho, halafu uliza kwa heshima maswali haya:

Utafiti huu umepewa kibali na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Umeandikishwa katika rejista gani, na namba yake ni ipi? Mtapima nini? Tutaambiwa matokeo lini, yakiwa mazuri au mabaya?

Mtafiti mwema hatakasirika, atafurahi. Tena una haki ya kukataa, na ukikataa hutanyimwa matibabu yako ya kawaida. Una haki pia ya kukubali, maana bila akina mama wa Muheza, Kilifi na Mbale waliokubali, tusingejua habari ya yale maji. Watoto 297 na watoto 230 niliowataja si tarakimu tupu. Kila mmoja alikuwa na mama yake. Kuificha hesabu yao ni kuwafanyia dhuluma mara ya pili.

MASWALI YA KUJADILIANA

Redio ikinyamaza, kila kikundi kijadili maswali haya kwa muda wa nusu saa. Karani wa kikundi aandike majibu.

1. Protokoli ni nini? Kwa nini huandikwa kabla ya jaribio, wala si baada yake?
2. Katika hesabu ya dawa za huzuni, majaribio mangapi hayakuchapishwa? Toeni 51 katika 74 mwone. Jibu litapita lile nililotaja kwa moja. Lile moja limetoka wapi?
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani mengine ambayo yafaa yaandikwe kabla ya kuanza, ili baadaye watu wasibishane?
4. Kila mmoja aandike sentensi moja ambayo angependa kumwuliza mtafiti akija nyumbani kwake.

Kuhusu swali la pili nitawasaidia kidogo: rudini kwenye yale majaribio 38 mazuri, mtazame yaliyochapishwa ni mangapi.

Somo letu limekwisha. Tunzeni karatasi hizi, na aliyekosa leo asomewe na mwenziwe. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, na kazi njema.